Nakala Bila Isnadi: Sauti za Kehancha na Miswada ya Lamu

Zamani mtu aliyetaka kuhifadhi maneno ya mzee ilimbidi awe na karatasi, kalamu na subira. Leo simu ya mkononi yatosha. Kijana wa Kehancha, mji wa Wakuria katika kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Tanzania, aweza kumketisha babu yake chini ya mti, akabonyeza mara moja, na baada ya robo saa akawa amepata picha na sauti ambazo mtafiti wa miaka ya 1950 angezifuata kwa gari lililojaa mitambo. Hilo ni jambo la heri, wala hatuna sababu ya kulibeza. Lakini ndugu msomaji, tujiulize: miaka hamsini ijayo, atakayeifungua sauti ile atajuaje kuwa ni ya nani, ilisemwa wapi, kwa ruhusa ya nani, na maana yake ni nini?

Kwetu sisi watu wa pwani swali hili si geni. Katika vyuo vyetu elimu haiokotwi njiani. Mwanafunzi huulizwa: umesoma kwa nani? Na huyo mwalimu wako naye alisoma kwa nani? Mnyororo huo wa majina ndio isnadi, na aliyekamilisha masomo hupewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kile alichokipokea. Bila ya mnyororo huo, neno hubaki kuwa neno tu, na kila mtu aweza kulivuta upande autakao.

Siku hizi majumba ya makumbusho, maktaba na hifadhi za nyaraka duniani kote zinakimbilia kutia mali zao katika kompyuta. Miswada inapigwa picha, nyimbo za sahani za santuri zinahamishwa, kuta za kale zinapimwa kwa miali ya leza. Kazi hiyo ni kubwa na ina faida. Hata hivyo kompyuta hutoa nakala. Isnadi hutolewa na watu, tena walio hai. Kehancha ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu huko urithi mwingi haujapata kuandikwa, na wenye kuujua wanazidi kupungua.

KEHANCHA NA WENYEWE

Kutoka Mombasa hadi Kehancha ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Msafiri hupita Nairobi, akashuka Bonde la Ufa, akapanda nyanda za juu na kuteremka Migori, kisha akaelekea mpakani. Ni nchi ya mahindi, tumbaku na ng'ombe. Mpaka uliochorwa na wakoloni umewakata Wakuria mapande mawili: huku Kehancha, kule Tarime katika mkoa wa Mara, Tanzania. Walioko Kenya wamegawanyika katika makundi manne makubwa: Abakira, ambao Kehancha imo katika nchi yao, na Abanyabasi, Abairege na Abagumbe.

Urithi wa Wakuria haukujengwa kwa matumbawe na chokaa kama ule wa Lamu au Mombasa, wala haukuachwa katika vitabu vya hati ya Kiarabu. Umo katika lugha, katika nyimbo, katika majina ya marika na vizazi, na katika kinanda chao kiitwacho iritungu, chenye nyuzi nane na sanduku la mti lililowambwa ngozi. Nyimbo za kinanda hicho zina majina ya watu na mambo yaliyopita. Atakaye kujua mengi ya Wakuria hana budi kusikiliza.

Tena lugha yenyewe haikubali kufungwa kwa urahisi katika karatasi. Kiswahili kina irabu tano. Kikuria kina saba. Zaidi ya hapo, sauti kupanda na kushuka hubeba maana, hata kitenzi kimoja chaweza kutamkwa kwa namna mbalimbali na kila namna ikaonyesha wakati au hali nyingine ya tendo. Herufi za kawaida hazionyeshi hayo. Mtu akiisoma hadithi ya Kikuria iliyoandikwa bila alama za sauti, na hajapata kuisikia, atakosa jambo. Hapa ndipo mashine ya kunasa sauti inapokuwa na manufaa ambayo kalamu haina.

Si kwamba hakuna lililoandikwa. Mwaka 1980 kitabu cha P. A. Abuso kuhusu historia ya Wakuria tangu yapata mwaka 1400 hadi 1914 kilichapishwa Nairobi, nacho kilitegemea sana mapokezi ya wazee. Mwaka 1996 ilitoka kamusi ya Kikuria na Kiingereza iliyotungwa na S. M. Muniko, B. Muita oMagige na Malcolm Ruel. Ruel ni mtaalamu wa Kiingereza aliyeanza utafiti wake kwa Wakuria katika miaka ya 1950. Yafaa kutazama mpangilio wa majina katika kamusi ile: Wakuria wawili wametangulia, mgeni amefuata. Msomaji anajua tangu jalada kwamba maneno haya yametoka kwa wenyewe. Hiyo ni isnadi, ijapokuwa haikuitwa hivyo.

JIWE HUNGOJA, SAUTI HAINGOJI

Katika kaunti hiyo hiyo ya Migori kuna Thimlich Ohinga, boma kubwa la mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala chokaa. Wataalamu wanakadiria kwamba lilijengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zafikia zaidi ya mita nne mahali pengine, nazo zimesimama kwa ufundi wa kulifungamanisha jiwe na jiwe. Mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, Thimlich Ohinga iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ambamo Mji Mkongwe wa Lamu ulikuwamo tangu 2001.

Boma la mawe lina bahati. Likipimwa vibaya leo, laweza kupimwa upya kesho. Hata magofu ya Kilwa na majengo ya Lamu yamepimwa kwa leza na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, nao wakikosea wana nafasi ya kurudi.

Katika kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay, kuna michoro ya kale katika miamba: miviringo na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe. Shirika la TARA lenye makao yake Nairobi, ambalo tangu 1996 limejishughulisha na michoro ya miamba ya Afrika, limeipiga picha. Kuanzia mwaka 2013 Makumbusho ya Uingereza mjini London yalianza kuzipanga katika kompyuta picha zipatazo 25,000 za shirika hilo kutoka nchi nyingi za Afrika, ili mtu popote alipo aweze kuzitazama.

Sasa tazama, msomaji. Michoro ya Mfangano ingalipo, na picha zake zipo. Lakini Wasuba, wenyeji wa kisiwa hicho, wengi wao wameacha lugha yao na kusema Kijaluo. Wasuba wenyewe waliona hatari hiyo, wakaanzisha makumbusho yao ya kijamii huko huko kisiwani. Picha ya mwamba yaweza kupigwa mara elfu. Neno la Kisuba ambalo mjuzi wake wa mwisho amekwisha kuzikwa, hakuna mtambo wa kulirudisha. Wakuria ni wengi kuliko Wasuba na lugha yao ingali hai vinywani mwa watoto. Lakini ni nani awezaye kusema kwa yakini kwamba nyimbo zote za iritungu, na maana zake zote, zimepata warithi?

SAUTI ZA MWAKA 1950

Si mbali na Migori, katika nchi ya Wakipsigis, kulitokea kisa kinachofundisha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alizunguka Afrika Mashariki akinasa nyimbo za makabila. Kwa Wakipsigis alinasa wimbo uitwao Chemirocha ulioimbwa na wasichana kwa kinanda. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini. Tracey aliandika maelezo mafupi, kwamba huyo Chemirocha alidhaniwa kuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, na kwa miaka mingi wapenzi wa muziki wa ng'ambo waliujua wimbo ule kwa maneno hayo machache ya mgeni.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Huko ndiko zilikotunzwa sauti za Kenya. Zilitunzwa vizuri, hapana shaka. Ila waliokuwa wameimba, na watoto wao na wajukuu wao, hawakuwa nazo. Ilikuwa mpaka mwaka 2014 ndipo maktaba hiyo, ikishirikiana na watu wa Ketebul Music wa Nairobi, ilipoanza kuzirudisha kwa wenyewe, zikiwa zimekwisha kutiwa katika kompyuta. Wakapatikana hata watu waliokuwamo katika kurekodi kule, wangali hai.

Hebu fikiri: miaka 64! Laiti msafara huo ungechelewa miaka kumi zaidi, nani angebaki wa kusema, "Huyu ni mimi, na yule wa pembeni ni fulani, na siku hiyo tuliimba kwa sababu hii"? Nakala ilikuwapo muda wote huo. Isnadi ndiyo iliyokuwa karibu kukatika.

MUYAKA NA MWALIMU SIKUJUA

Sisi pia tulipata kukaribia shimo hilo hilo. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa katika vinywa vya watu. Katika miaka ya 1880 alifika Mombasa mmishonari aitwaye William Taylor, akataka kuyakusanya. Angeweza kuandika alichokisikia sokoni na kuondoka. Lakini alimpata Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa mwenye elimu na kumbukumbu, ambaye alimpa mashairi pamoja na maelezo yake: nani alitajwa, vita gani, fumbo lina maana gani, neno hili la zamani ni lipi leo.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zikaishia katika chuo cha SOAS, London. William Hichens aliyachapisha mashairi hayo mwaka 1940, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz, mtu wa kwetu, akayatolea kitabu chenye uchambuzi. Mwanzoni mwa karne hii SOAS ikayaorodhesha katika kompyuta makusanyo yake ya miswada ya Kiswahili. Basi mtafiti wa leo akiona katika kioo cha kompyuta ubeti wa Muyaka na maelezo yake, anapaswa kujua kwamba kilichouokoa kwanza kabisa ni kile kikao cha watu wawili Mombasa, mmoja akieleza na mwingine akiandika. Mtambo ulikuja baada ya miaka mia na ushei, ukakuta kazi imekwisha kufanywa.

Ndiyo maana kwa Kehancha hatusemi kwamba kinachohitajika kwanza ni mashine. Kinachohitajika kwanza ni Mwalimu Sikujua wa Kikuria, na kijana wa kukaa naye.

MISWADA YA RIYADHA

Kisa cha pili cha pwani ni cha miaka ya karibuni. Msikiti wa Riyadha, Lamu, aliouasisi Habib Swaleh, una hazina ya miswada: misahafu, vitabu vya fikihi, nahau, maulidi na nyiradi, vingi kwa Kiarabu na vingine vikiwa na Kiswahili kando ya mistari. Hewa ya chumvi, mchwa na unyevu ni maadui wa karatasi, na hapana asiyelijua hilo katika mji wa bahari. Katika miaka ya 2010 miswada hiyo ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kusaidia nyaraka zilizo hatarini, kazi iliyoongozwa na Anne Bang, mtaalamu kutoka Norway.

Mpango huo, ulioanzishwa mwaka 2004, una kanuni moja ambayo yafaa kila mwenye mali aijue kabla ya kumfungulia mgeni sanduku lake. Maandishi ya asili hayatoki katika nchi yake. Kinachopelekwa London ni picha, na nakala ya picha huachwa kwa wenyeji. Zama za Taylor karatasi yenyewe ilipanda meli. Zama hizi karatasi inabaki, kivuli chake ndicho kinachosafiri. Hayo ni maendeleo makubwa.

Jambo jingine la kupendeza katika kazi ya Lamu ni kwamba miswada mingi hueleza habari zake yenyewe. Mwishoni mwa kitabu mnukuzi huandika jina lake, na pengine siku aliyomaliza na mtu aliyemnukulia. Mwenye kitabu naye huandika kwamba amekiweka wakfu. Aliyepiga picha kwa uangalifu hakuacha kurasa hizo, wala maandishi ya pembezoni. Mababu zetu waliandika isnadi ndani ya mali yenyewe, ndipo hata picha ikisafiri mbali, majina husafiri nayo. Sauti ya iritungu iliyorekodiwa kwa simu haina ukurasa wa mwisho wa namna hiyo, ila aliyerekodi auweke kwa mkono wake.

LONDON ILIPOFUNGIKA

Wako wanaodhani kwamba kitu kikishaingia katika kompyuta ya taifa kubwa, basi kimepona milele. Mwezi wa Oktoba 1923 mtu angesema hivyo juu ya kasha la chuma; mwezi wa Oktoba 2023 tulionyeshwa kuwa hata kompyuta ina mlango wa kuvunjwa. Wezi wa mitandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza. Huduma zake nyingi zikasimama. Orodha ya vitabu ilianza kurudi Januari 2024, lakini picha nyingi za miswada hazikupatikana kwa miezi mingi. Wanazuoni wa mabara yote walikaa wakingoja.

Katika muda huo wote miswada ya Riyadha ilikuwa mahali pake Lamu. Hatusemi haya ili kuwacheka wa London. Msiba kama ule waweza kumfika yeyote. Twasema ili ieleweke kwamba nakala ya mbali ni msaada, na mali ya nyumbani ndiyo tegemeo. Wakuria, ambao hawana karatasi ya kurudia, wana sababu kubwa zaidi ya kuhakikisha kwamba nakala moja ya sauti zao iko Kehancha yenyewe, mahali ambapo mtu aweza kwenda kwa miguu na kuomba kusikiliza.

YASIYOFAA KUONYESHWA

Kuna jambo ambalo wenye haraka ya kuweka kila kitu katika mtandao hulisahau. Si kila kitu cha watu ni cha maonyesho.

Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na ngoma yao kubwa iitwayo ngadji, iliyofichwa na kutunzwa na wazee, ambayo mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuiona. Wakoloni waliichukua, na tangu 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza. Mradi wa kimataifa ulioanza mwaka 2018, ukiwashirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, makumbusho ya Cologne na Frankfurt huko Ujerumani, na wasanii wa Nairobi na Ulaya, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za ng'ambo zipatazo 30, na mwaka 2021 yakafanyika maonyesho Nairobi. Ngadji ni miongoni mwa visa vilivyozungumzwa sana. Orodha kama ile ni kazi ya sifa, kwa kuwa mtu hawezi kudai kitu asichojua kiko wapi. Lakini picha ya ngoma ile ikionyeshwa kwa kila mpita njia, je, aliyeinyang'anywa amerudishiwa heshima yake, au imeondolewa mara ya pili?

Wakuria nao wana inchama, baraza la siri la wazee, lenye mambo yake yasiyosemwa mbele ya kila mtu. Kijana mwenye simu anaweza kuyanasa bila mtu kujua. Haidhuru yeye ni mwana wa nyumba. Hiyo itakuwa khiyana. Watu wa pwani wanaelewa maana ya sitara. Kuna chumba cha wageni na kuna ndani, na anayekaribishwa barazani hajapewa ruhusa ya kufungua milango yote. Vilevile mtu mwingine aweza kuwa na maoni yake juu ya mila za wenziwe, kwamba hili linalingana na dini yake na lile halilingani. Hilo ni lake. Kuhifadhi habari ya jambo si kulifuata, na kumheshimu mwenyewe ni wajibu kwa vyovyote.

Sheria ya Kenya imeligusa jambo hili. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni. Inataka jamii iombwe idhini kabla mali yake ya kiutamaduni haijatumiwa, na inazipa serikali za kaunti kazi ya kuyaandikisha maarifa hayo. Kwa hiyo kaunti ya Migori ina wajibu kwa Wakuria wa Kehancha kama ulivyo wajibu wa kaunti ya Lamu kwa watu wa Lamu. Daftari lenye majina ya watunzi, wapigaji na wasimulizi, pamoja na masharti waliyoyatoa, lingekuwa na thamani kubwa kuliko kompyuta kumi zilizofungiwa ofisini.

KAZI YENYEWE

Basi kijana wa Kehancha afanye nini, au wa Siyu, au wa Vanga, maana kazi ni moja?

Kwanza, aombe ruhusa, na jibu la ruhusa alirekodi pia. Mzee aseme kwa kinywa chake: naitwa fulani, mwana wa fulani, wa ukoo fulani, hadithi hii niliipokea kwa fulani, naruhusu isikilizwe na watu hawa, na hawa siwaruhusu. Dakika mbili hizo ndizo ukurasa wa mwisho wa mswada.

Pili, arekodi kwa ubora ulio mzuri. Wataalamu wa hifadhi za sauti hupendekeza sauti isiyobanwa, na saa moja ya sauti ya namna hiyo huchukua takriban gigabaiti moja. Leo hiyo si nafasi kubwa. Video iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa na imepoteza sehemu yake. Kwa salamu inatosha, kwa hifadhi haitoshi. Katika Kikuria, ambamo mpando mdogo wa sauti hubadili maana, hasara hiyo ya ubora si jambo la kupuuza.

Tatu, nakala ziwe tatu, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine kabisa. Simu huibiwa, diski huharibika baada ya miaka kadhaa, nyumba huungua. Kila baada ya muda sauti zihamishwe katika vyombo vipya, kama mnukuzi wa Lamu alivyonukuu upya kitabu kilichoanza kuliwa na mchwa. Watu wengi wangali na kanda za kaseti za arusi na ngoma za miaka ya 1970 na 1980. Kanda hizo zinakufa ndani ya makabati, na mashine za kuzipigia zinazidi kuadimika.

Nne, na hili ndilo linaloachwa sana, sauti iandikwe kwa lugha yake, ifasiriwe, na maneno magumu yaelezwe na mzee mwenyewe angali hai. Saa moja ya kurekodi yaweza kudai siku kadhaa za kuandika. Hapana njia ya mkato. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazosikiliza na kuandika, na kwa Kiingereza zinafanya vizuri sana. Kwa Kikuria, lugha yenye maandishi machache ya kuzifundishia, bado mtu ndiye wa kutegemewa.

Mwisho, kazi isiishie mpakani. Mkuria wa Tarime na Mkuria wa Kehancha wana babu mmoja, na wimbo mmoja waweza kuwa na ubeti upande huu na ubeti wa pili upande ule. Makumbusho ya nchi mbili hufuata sheria mbili, lakini shule na familia za pande zote mbili zaweza kubadilishana sauti bila ya kungoja mkutano wa mawaziri.

Gharama kubwa ya kazi hii ni wakati, na wakati wa wazee si mrefu. Mashine zitaendelea kuwa bora na rahisi. Mwakani kutakuwa na simu nzuri kuliko ya mwaka huu. Wajuzi hawaendelei hivyo. Mwaka 1890 alipofariki Mwalimu Sikujua, mashairi ya Muyaka aliyoyajua yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na sisi sote tumeyarithi. Kehancha wako wazee ambao bado hawajaulizwa. Mwenye simu na awaendee, ila aende na daftari pia, na asiondoke mpaka ameandika jina la mwalimu wa mwalimu wake.